Bastola ya Generosa

Jumamosi iliyopita nilimwacha Generosa amesimama jikoni kwangu Anoka, hapa Marekani, koti zito mwilini, funguo za gari mkononi, ametoka tu kutamka maneno haya:

"Shemeji, kuna mtu ananifuata kila nikitoka kazini. Nataka unisaidie kuchagua bastola."

Mliokuwa nami tangu mwanzo mnajua. Aliyejiunga leo nampa kwa mkato: anayemfuata ni mimi.

"Bastola?" nikasema.

"Ndogo. Ya kukaa kwenye mkoba. Wewe ulikuwa jeshini, unazijua. Nikimpata huyo mshenzi, shemeji, namtoboa."

Nikavuta kiti, nikakaa.

Kabla hamjanihukumu nisikilizeni. Sikuanza kwa ubaya. Kwetu Same mgeni haondoki peke yake. Unamsindikiza, unambebea kifurushi chake, mnapiga soga mpaka nusu ya njia, ndipo unageuka. Generosa, rafiki wa mke wangu Namsifu, ndiye aliyemuuguza. Alimwosha, alimlisha uji, mpaka Namsifu alipotufia hospitalini, kwa sababu daktari mkubwa alikuwa ziwani anavua samaki na wale wadogo wanaogopa kuamua bila yeye. Ndivyo wakubwa walivyo. Samaki wao kwanza, mke wako baadaye.

Basi arobaini ilipokwisha, Generosa akaaga kwenda kwake Blaine, mji wa jirani. Nikasema, nitamwachaje aende hivi hivi? Hapa Minnesota, Januari, ukimsindikiza mtu kwa miguu mtaokotwa wote wawili. Nikawasha gari. Nikakaa nyuma yake, mbali kidogo, mpaka nikaona ameingia na mlango umefungwa. Kesho yake akitoka kazini nikarudia, ikawa mazoea.

Sikumwambia. Kosa ni hapo. Anayesindikiza huongea. Anayenyamaza ana jina lingine.

Kisha akatokea Sydney.

Sydney ni Mkenya, msimamizi wao kule kwenye nyumba ya wazee. Ndiye anayepanga zamu, nani aingie asubuhi, nani akeshe, nani apewe ovataimu. Mpe mtu kalamu ya kupanga zamu, atajiona Mungu. Siku moja nimekaa ng'ambo ya barabara, nikamwona anakwangua barafu kwenye kioo cha gari la Generosa. Anakwangua huku anaimba! Generosa amesimama kando, mkono mdomoni, anacheka mpaka anainama.

Mimi nilimkwangulia Namsifu barafu miaka sita. Hakuna mtu aliyewahi kucheka.

Tangu siku ile sikuwa namsindikiza tena. Nilikuwa namchunga. Na kwa kuwa gari langu la kutu analijua, nikawa nachukua lile la kijivu la ulinzi kazini kwangu Savage, kwenye maghala ya kando ya mto.

"Shemeji, utanisaidia?" Generosa akauliza.

Shemeji! Neno hilo ni ukuta wa matofali. Kila akilitamka anaongeza tofali moja.

"Nafikiri," nikasema. "Una kibali?"

"Cha kununua ninacho. Polisi wamenipa baada ya siku saba. Cha kutembea nayo ndicho wamenikatalia. Mkuu wao anasema nilete jina la anayenitisha, na barua ya shahidi. Bila hivyo ikae nyumbani."

"Unaona wakubwa! Yeye kiuno kimejaa bastola, wewe unaambiwa umkaribishe jambazi sebuleni ndipo ujitetee."

"Ndiyo maana nimekuja kwako. Vaa viatu, twende."

"Jina la mtu unalo?"

Akanitazama. "Ninalo."

Msomaji, nikavaa viatu.

* * *

Tulikwenda kwa gari lake. Theluji imerundikwa pembeni mwa barabara kama magunia ya chumvi. Mara tatu nilifungua mdomo niseme. Mara tatu nikaufunga.

"Uso wake umeuona?" nikauliza, natazama dirishani.

"Wapi! Anavaa kofia ya sufu imeshuka mpaka kwenye nyusi. Kama mwizi wa kuku."

Kofia ile alinifumia Namsifu.

"Labda ni mtu mwema tu," nikasema. "Labda anahakikisha umefika salama."

"Mtu mwema hajifichi, shemeji. Mtu mwema anapiga honi."

Nikawasha redio.

Duka lenyewe liko Blaine, limebanwa kati ya wauza matairi na kinyozi. Muuzaji ni mzee wa Kizungu, tumbo kubwa, suruali imeshikwa na mikanda ya mabegani. Akatutazama kwa zamu.

"Ni ya nani kati yenu?"

"Yangu. Kuna mtu ananifuata," Generosa akasema. Kiingereza chake kimenyooka. Changu ni cha kuombea kazi.

"Umewahi kufyatua?"

"Hapana. Lakini shemeji yangu alipigana vita."

Mzee akanigeukia kwa heshima. "Vita gani?"

"Kagera," nikasema, kifua mbele.

Mzee hajawahi kuisikia. Na Generosa, mtu wa Bukoba, yuko pale pale, mimi niliyekwenda kukomboa kwao nikiwa na miaka kumi na minane, bunduki begani, Mganda ananirushia mabomu. Sydney siku hizo alikuwa wapi? Alikuwa Kenya anakunywa maziwa ya shule! Nikarudi na cheti cha karatasi, majenerali wakarudi na mashamba. Leo mtoto wa maziwa anapanga zamu, mimi nalinda milango ya maghala.

Ukweli ni kwamba nilibeba bunduki ya SMG. Bastola nilikuwa naiona kwenye kiuno cha kamanda tu. Lakini ungekuwa wewe ungekiri?

"Tupe ile," nikaonyesha kubwa kuliko zote kwenye kabati la kioo, mtutu kama filimbi.

Mzee akacheka. "Hiyo ni ya mkata magogo. Akiifyatua itampiga kipaji cha uso. Na ataifichaje? Ndani ya tanuri?"

Generosa akacheka naye. Akacheka! Mkono mdomoni, vile vile kama kwa Sydney. Nikamchukia mzee yule na mikanda yake.

Macho yangu yakaangukia kadogo kamoja, ka risasi nyembamba kama punje ya mchele. Nikakaokota. Nitasema kweli hata kama ni aibu: nilikapima kwa mbavu zangu. Nikasema moyoni, haka hata kakinipata nitaamka.

"Hii ndiyo yako," nikamwambia Generosa kwa Kiswahili. "Nyepesi, haina kelele, hata mkoba hautajua."

"Kweli, shemeji?"

"Mimi nakuambia."

Akakapokea. Akaweka kidole kwenye kifyatulio, akavuta. Kikagoma. Akavuta tena, mishipa ya shingo ikasimama.

Mzee akatikisa kichwa. "Bwana amekuchagulia vibaya. Hizi za risasi ndogo kifyatulio chake kigumu, na mara nyingine risasi inakataa kulipuka. Unamlenga mtu, inasema tik. Basi."

"Inasema tik?" Generosa akanigeukia. "Shemeji! Ulitaka nife?"

"Mambo yamebadilika tangu vita," nikanung'unika.

Mzee akatandika kitambaa, akaweka mbili sawasawa, zote za risasi tano, mitutu mifupi kama kidole gumba. Moja ya alumini nyepesi, nyingine ya chuma.

"Sikiliza, mama. Bastola nyepesi ni tamu kubeba, chungu kufyatua. Inakurudi mkononi kama mlango uliopigwa na upepo. Ukishaogopa mlango, hutafanya mazoezi. Usipofanya mazoezi, hutampata mtu. Mimi nasema ya chuma. Na hii, ona, nyundo yake imefichwa ndani. Haitanasa kwenye kitambaa cha mkoba."

"Kwa nini isiwe na risasi nyingi?" nikauliza. Lazima niseme kitu.

"Kwa sababu ikiwa nene haitafichika. Mtu anayekufuata hakai mbali. Yuko hatua tatu kutoka kwako. Tano zinatosha."

Hatua tatu. Nilikuwa nimesimama hatua mbili.

Kisha mzee akapita upande wetu wa kaunta. Akaufungua mduara unaokaa risasi, akamwonyesha kwamba ni mtupu, akamwonyesha tena. Akavishika vidole vya Generosa, kimoja kimoja, akavipanga kwenye kishikio. Hiki hapa. Kile pale. Bega la mzee limegusana na la Generosa. Miezi miwili mimi nakaa kwenye gari la baridi, pua inatiririka, sijawahi kugusa hata ncha ya kidole chake. Mzee mwenye matumbo anashika vyote kumi kwa dakika moja, na anashukuriwa!

Hata bastola yenyewe niliionea wivu. Italala mkobani mwake, kando ya kitabu cha sala na leso. Itajua mkono wake una joto gani.

"Sasa vuta," mzee akasema.

Generosa akageuka kutafuta mwanga, na mtutu ukageuka naye. Ukatua kifuani kwangu, kushoto, palipo na kalamu yangu.

"Mtutu chini, mama!" mzee akafoka. "Hata ikiwa tupu! Daima chini!"

Tik.

Alikuwa ameshavuta.

"Ooh, samahani, shemeji! Umeogopa?"

"Mimi? Mwanajeshi?"

Jasho lilikuwa limefika kwenye mkanda wa suruali.

"Naipenda hii," akasema, anaipima kiganjani. "Inanitosha. Ni kama ilinisubiri."

Mzee akachukua kibali chake, akaenda mwisho wa kaunta kujaza fomu. Tukabaki wawili. Nikajiambia, Elihuruma, ni sasa. Hajalipa. Haijatoka dukani. Sema, akupige kofi, alie, yaishe.

"Generosa..."

"Ngoja, shemeji, kabla sijasahau." Akatoa karatasi mkobani, akaikunjua mbele yangu. Imepigwa chapa, Kiingereza kitupu. "Hii ndiyo barua ya shahidi. Ya kwenda kwa mkuu wa polisi Jumatatu. Weka sahihi hapa."

Darasa la saba langu la Same halikunifikisha mbali, lakini jina la mtu nalisoma. Lilikuwa katikati ya ukurasa.

Sydney.

"Sydney ndiye anayekufuata?" Sikuamini masikio yangu wala macho.

"Nani mwingine? Fikiri. Anayenifuata anajua natoka saa ngapi kila siku, hata zamu ikibadilishwa. Nani anajua zamu zangu? Anayezipanga! Nimemwambia Doris kazini, Doris naye anasema ni yeye tu."

Mimi pia nilizijua zamu zake. Alikuwa ananisomea mwenyewe kwenye simu kila Jumapili, ili nisimpigie amelala. Hilo halikumjia akilini. Nani humshuku shemeji?

"Lakini anakuchekesha," nikasema. "Nimesikia anakukwangulia barafu."

"Nani kakuambia?"

"Watu."

Akainamisha macho. "Ndiyo inayoniuma, shemeji. Nilikuwa nimeanza kumpenda."

Angesema lolote lingine. Angesema nilikuwa namwonea huruma, nilikuwa namvumilia. Nilikuwa nimeshafungua mdomo, ukweli umefika kwenye meno. Neno lile likaurudisha tumboni.

*Nilikuwa nimeanza kumpenda.*

Nikaitazama barua. Jumatatu ikifika kwa polisi, Sydney atafukuzwa kazi Jumanne. Mgeni mwenye viza akishatajwa polisi, wakubwa hawaulizi mara ya pili. Na Generosa atapata kibali chake. Na gari la kijivu litakoma, kwa sababu nitaliacha, na dunia yote itasema kweli alikuwa Sydney.

Kalamu ilikuwa mfukoni kwangu, kushoto.

Nikasaini.

"Ubarikiwe," Generosa akasema, akanishika mkono. Kwa mara ya kwanza! Sekunde mbili nzima. Nami mgane wa watu, nikafurahi. Mnanisikia? Nilifurahi.

* * *

Tulipotoka, boksi la bastola likiwa kwapani mwake, Accord nyeusi ikaingia kwa kasi ikasimama shubiri moja kutoka kwenye gari letu.

Sydney akashuka bila koti.

"Unaona!" Generosa akanirukia nyuma ya mgongo. "Kanifuata mpaka hapa! Shemeji, umemwona? Umemwona?"

"Simama hapo hapo!" nikanguruma. Oneni kinyago.

"Mzee wangu, tulia," Sydney akasema. Mimi mzee! Miaka arobaini na miwili! "Gene, weka hiyo kitu kwa gari. Doris ameniambia kila kitu, hata hii duka. Ati mimi ndio nakufuata? Mimi?"

"Nani mwingine anajua natoka saa ngapi?"

"Hata mimi hiyo swali ilinisumbua. Ndiyo nikaanza kungoja pale kwa parking, nione ni nani. Alhamisi nikaiona. Gari ya grey, mtu na kofia imeshuka hivi. Si ni hiyo?"

Generosa akatoka nyuma ya mgongo wangu. "Ni hiyo."

"Nikaifuata. Ilikuwa nyuma yako mpaka kwako, ikangoja uingie, ikaenda. Uso wake sikuona. Lakini namba niliandika." Akatoa kikaratasi. "Jana nikaenda ofisi ya magari, wakanipatia jina ya mwenye gari."

Nikakitazama kile kikaratasi.

"Ni ya kampuni," Sydney akasema. "Ya magodown. Huko Savage, kando ya mto."

Generosa akafungua mkoba. Akatoa ile barua mkobani, akaichana mara mbili, akaifinyanga, akaiingiza mfukoni. Sydney hakujua hata ilikuwa nini. Kisha akanigeukia polepole.

"Shemeji. Si ndiko unakofanya kazi?"

"Ndiko."

"Gari hilo unalijua?"

"Nalijua."

"Nani huliendesha?"

Swali la maneno mawili, jibu la neno moja. Ningelisema, nawaapia. Lakini Sydney alikuwa amevua skafu yake anamzungushia Generosa shingoni, hivi hivi, kama mtu anayefunika sufuria, na Generosa akainua kidevu ili amfunge vizuri.

"Cyrus," nikasema.

Cyrus ni mzee wa Kisii tunayepokezana naye zamu. Ana miaka sitini na tatu, goti bovu. Hajawahi kuliendesha lile gari, haoni vizuri. Kila Ijumaa ananiachia ugali wa wimbi kwenye kopo, ameufunga kwa taulo usipoe, kwa sababu anasema mwanamume asiye na mke hula mkate tu.

"Cyrus," Generosa akarudia, kama mtu anayejifunza jina la ugonjwa wake. "Yuko kazini leo?"

Hapo ndipo ningesema hayupo. Ningesema yuko likizo, amekwenda Kisii, amekufa.

"Yupo," mdomo wangu ukasema.

"Twende," Generosa akasema.

"Tuite polisi," Sydney akasema.

"Polisi waliniambia nilete jina. Nataka kumwona machoni kwanza. Tutakwenda na gari lako. Shemeji, keti nyuma. Nishikie hii."

Akaniwekea boksi mapajani. Zito kweli. Mzee yule alisema kweli kuhusu chuma.

Sydney akarudisha gari nyuma, akaingia barabarani. Kutoka Blaine hadi Savage ni dakika arobaini kama hakuna barafu, na barabara ilikuwa kavu. Mwisho wake kuna kibanda cha ulinzi, na ndani yake mzee mwenye goti bovu anapasha chai, hajui kwamba ametajwa. Akiulizwa nani huendesha gari la kijivu, hatafikiri hata sekunde moja. Atanionyesha kwa kidole na kucheka, akidhani ni mzaha.

"Sydney," nikasema. "Simamisha gari."

"Kuna nini, mzee?"

Generosa akageuka kunitazama. Sydney naye, macho yako barabarani, akanyoosha mkono akaushika mkono wake ili asiogope. Generosa hakuutoa.

"Hakuna kitu," nikasema. "Ongeza mwendo."